Saramu kutoka Ufini

Jumanne jioni

Bado anaandikiwa. Leo nimefungua sanduku la posta nikakuta postikadi nyingine yenye jina lake, miezi minane baada ya kumzika kule Ngoliba. Njoki amepiga simu kutoka Ruiru: "Mama, fungeni hilo sanduku." Tufunge na nani?

Baba Njoki alibadilishana postikadi na watu wa dunia nzima asiowajua. Yeye aliwatumia maporomoko ya Chania, wao wakamtumia theluji na makanisa. Hii ya leo ni ya mama mmoja mzee wa Ufini. Ameandika kwa Kiingereza habari za paka wake, halafu chini, kwa herufi kubwa: SARAMU NYINGI.

Nani mwingine angemfundisha hivyo? Ulimi wa mume wangu wa Kikuyu haukuwa na L, na mkono wake uliandika alivyotamka. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilimsahihisha miaka thelathini, hata mbele ya wageni. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, mgonjwa, anaandika kadi. Nilimnyang'anya kalamu.

"Mama Njoki," akasema, "si wataerewa tu?"

Nikaikata R, nikaandika L juu yake.

Leo nimelisoma hilo neno kwa sauti na nyumba nzima ikawa yeye. Nimewasha redio. Bado namsikia.

Huyo mama nimeshindwa kumwambia kwamba Baba Njoki hayupo tena. Nimechukua kadi ya Chania, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: Saramu nyingi kwako pia.

Kisha nikatia sahihi yake.