Nyundo ya Nyuma ya Jiko

Kwako kaka Onésime,

Pokea salamu zangu kutoka huku juu mlimani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kifua cha wifi kimepona. Sisi tu wazima kiasi chetu. Baba anakula, ananuna, anaikataa supu, kisha anaimaliza. Ningekupigia simu, lakini simu iko ukutani juu ya kitanda chake, na masikio yake unayajua.

Kwanza habari za mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Njia ya kando yake sasa imekuwa ya watalii. Halmashauri imesimamisha kibao pale msitu unapoanza: matembezi ya familia nzima, bibi kwa mjukuu, hata mtoto wa kigari. Basi wanakuja, kaka, wanakuja! Wanatandaza mikate na soseji zao juu ya ukuta aliojenga babu, watoto wanavua viatu na kuingia majini. Na wanachokipenda kuliko vyote ni gurudumu la baba na nyundo yake. Maji yanazungusha gurudumu, nyundo inagonga ubao, to, to, to. Mtoto gani atapita hapo asilishike?

Wewe uliondoka mapema, lakini hujasahau nyundo ile ni ya nini. Ikigonga, maji yanapita na mlinzi wa mfereji analala. Ikinyamaza, mfereji umeziba au umebomoka, na mlinzi atoke hata kama ni mvua ya mawe. Baba ameishi hivyo miaka yake yote. Sasa miguu haimbebi na mengi yamemtoka kichwani, ila hilo halijamtoka. Kila mtoto aliposhika gurudumu, baba alitupa blanketi na kutafuta koleo lake. Nimemwokota kizingitini si mara moja. Kwa hiyo nikawa napanda mbio na aproni yangu kufukuza watoto wa watu. Mama mmoja alinifokea kwamba njia hii ni ya familia. Nikamjibu kwamba na mimi nina familia, imelala pale chini, namwomba mwanawe atoe mkono.

Mwezi wa Juni mlima ukaporomoka juu ya msitu, ukakata mfereji. Halmashauri inasema itatengeneza mwakani. Watalii bado wanapita kando ya mfereji mkavu, wanapiga picha. Lakini nyundo ilinyamaza, na siku ile baba alishinda akilia, akiniita mvivu, akiapa kwamba mashamba ya watu yanakauka kwa sababu yangu. Roho iliniuma, sikujua la kufanya. Nikamwomba jirani yetu Marius, yule seremala, anitengenezee gurudumu dogo na nyundo, nikaviweka nyuma ya jiko, chini ya bomba la chemchemi lisilotegemea mfereji. To, to, to. Baba akafumba macho, akatulia.

Tangu hapo, kaka, siwezi kutoka. Jani likinasa, nalitoa. Ubao ukilowa, naubadilisha. Nikienda kununua mkate narudi mbio. Apolline, yule niliyesoma naye, ameniwekea kazi katika duka lake la jibini kule mjini Sion, na chumba juu ya duka, ila ataningoja hadi Sikukuu ya Watakatifu Wote tu. Naitaka kazi hiyo mpaka nakosa hamu ya kula. Wewe nawe uliniambia wakati wa Pasaka kwamba chumba cha baba kwako kiko tayari, nami nikakujibu kwamba mbali na nyundo yake atakufa. Nimechoka. Kuna siku nimetamani kuitia shoka.

Sasa sikiliza. Jumapili nilikuwa namnyoa baba ndevu. Akanishika mkono, akaniuliza kwa ile sauti yake ya zamani, hadi lini nitaendelea na mchezo wangu wa nyuma ya jiko. Wembe ulinidondoka! Akasema nyundo yake inachechemea, inagonga mbili kisha inakawia, maana gurudumu lilivunjika jino mwaka niliozaliwa mimi na yeye akaizoea hivyo hivyo. Hii ya Marius inagonga kama saa ya stesheni. Alijua tangu ilipoanza. Nikamuuliza, nusu nalia, nusu nimekasirika, kwa nini basi alinyamaza. Akasema mfereji wake alikwisha kuulilia siku ile, na hii ya Marius alidhani naihitaji mimi. Aliona binti yake anaogopa kuondoka na amejitafutia sababu, akaona si vizuri mzazi kumnyang'anya mwanawe sababu yake. Halafu akaongeza kwamba kelele yenyewe inamkosesha usingizi.

Nikatoka, nikafunga bomba, nikang'oa gurudumu. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Badala yake nilisimama pale nyuma ya jiko na gurudumu mkononi, likinidondoshea maji miguuni. Mzee hakukosea, kaka. Naogopa. Nimeogopa tangu barua ya kwanza ya Apolline, na nyundo ile ilinifaa mimi kuliko yeye.

Baba amekubali kuja kwako, ameshaulizia kofia yake. Basi njoo Jumamosi na gari. Njoo asubuhi, usikae kunywa kahawa. Mkoba wangu utaukuta mlangoni. Utie garini mwenyewe bila kuniuliza, maana ukiniuliza nitakwambia bado kidogo.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba anawasalimu nyote. Amelala, na huku kumekuwa kimya.

Mdogo wako,
Séraphine