Baba, Kikohozi cha Mama Hakikukuua

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza kwa namna nyingine.

Mama bado yuko edani hapa Kigombe. Tangu tulipokuzika alikuwa hali chakula vizuri, wala hataki wajukuu wamsogelee. Shangazi alinong'ona msibani kwamba Mama alikuja kukutazama hospitali na kikohozi chake, akakuambukiza. Ulilazwa Tanga kwa paja ulilovunja ulipoanguka kutoka darini ukipigilia mbao. Ukapasuliwa salama, ukaanza kutembea na magongo, ukawa unaoga kwenye bafu la wodi mpya huku ukinipigia kelele nyuma ya mlango: "Mwanangu, maji ya moto bila kuni!"

Halafu homa. Kikohozi. Wakakupa dawa za nimonia, hazikusaidia. Ukaniita kwa jina la marehemu babu, ukauliza kama mbao zimeshafika. Figo zikagoma, wakakuhamishia kwa wagonjwa mahututi, mashine ikawa inakupumulia. Sikupata hata kukuaga, Baba.

Wiki iliyopita daktari wako, yule dada mrefu aliyekuwa akikuita "fundi", alikuja mwenyewe. Akavua viatu, akaketi na Mama mkekani. Majibu ya vipimo yalikuwa yamerudi: ni bakteria wanaoitwa lejionela. Wanazaliana kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama ndani ya matangi na mabomba. Mtu anaoga, anavuta yale matone madogo hewani, na aliyedhoofu ndiye anayeumia. Akasema hospitali ndiyo iliyopaswa kuyaangalia yale maji, na anaomba radhi.

Mama alimuuliza jambo moja tu. "Na kikohozi changu, mwanangu?"

"Hakihusiki, mama. Ugonjwa huu hukumpa wewe. Mtu hamwambukizi mwenzake."

Mama akajifunika kanga usoni, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Mimi nilitoka nje, nisije nikamtukana mgeni. Hasira bado ninayo. Bafu limefungwa, mabomba yanasafishwa, lakini wewe hupo. Kuna mama mmoja wa Mkwaja, wodi ileile, alianza homa kama yako. Safari hii walijua, wakampa dawa inayofaa, naye amerudi kwake akiwa mzima. Nimefurahi kwa ajili yake. Na nimeumia, sikufichi.

Jana Mama alimpakata mjukuu wako mdogo, akamlisha uji kwa mkono wake.

Pumzika, Baba. Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru ndani yake. Nakuahidi, Shangazi nitamwendea, nimweleze mbele ya wale wale waliomsikia. Na Mama akirudi kujilaumu, maana atarudi, namjua, nitakaa karibu yake nimwambie tena, hata mara mia: si wewe, Mama. Si wewe.

Mwanao.