Mitetea Yako na Dagaa wa Mama

Goweko,
Tabora,
19 Februari 1956

Mpendwa mdogo wangu Modest,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Kifua chako je, na baridi ya huko Morogoro? Sisi tu wazima, mvua inanyesha vizuri, ila mimi nimechoka, na nitakuambia kilichonichosha.

Ni wale kuku wako. Vifaranga kumi na wawili uliowapakia kwenye treni mwezi wa tisa walifika wote, nikawalea kama ulivyoniandikia. Wiki nane za kwanza, dagaa waliotwangwa na unga. Baada ya hapo dagaa kidogo mno, pumba ya mtama na majani kwa wingi, wajenge mifupa kwanza. Chakula cha kutagia kingoje yai la kwanza. Nilifuata neno kwa neno.

Basi mwezi uliopita, hawajatimiza hata miezi mitano, wakaanza kutaga. Mayai gani! Kama ya njiwa. Na mitetea yenyewe imenenepa hata kutembea inahema. Mmoja alijikamua mpaka njia ya yai ikatoka nje, wenzake walipoona wekundu wakamdonoa, akafa. Wiki ile ile akafa wa pili, kisha wa tatu.

Pumba na majani havinenepeshi hivyo wala havitagishi mapema; nikajua kuna mtu anawalisha kwa siri. Nikamshika shemeji yako Luhende, kwa kuwa ndiye aliyejisifu kanisani kwamba Pasaka hii atapeleka kikapu cha mayai. Nilimfokea mbele ya majirani. Akasema, "Eustadia, mimi sijawapa hata punje." Sikumwamini. Siku mbili hatukusemezana.

Siku ya tatu nilirudi kutoka shambani mapema, jembe limevunjika mpini. Nikamkuta Mama amekaa mlangoni pa banda, bakuli mapajani, anawamwagia dagaa. Dagaa wake, Modest! Wale ambao daktari wa Tabora alisema ale kila siku, arudishe nguvu baada ya ile homa. Na uji wake wa karanga ulikuwa chini, kuku wanaunywa.

Nilipiga kelele, "Mama, unafanya nini?"

Wala hakushtuka. "Modest anakuja Pasaka. Akute kuku wake wanataga."

"Na wewe utakula nini?"

"Mimi nimeshakua," akanijibu. "Hawa ndio wanaokua."

Niambie, mtu kama huyo unamjibu nini? Miezi miwili nashangaa mbona bakuli linarudi tupu na yeye mikono inazidi kukonda. Nilikaa chini palepale kwenye matope nikalia, na yeye akawa ananibembeleza mimi!

Luhende nimemwomba radhi, tena mbele ya majirani wale wale. Tisa waliobaki nimewarudisha kwenye pumba na majani, wamepungua unene, wamesita kutaga. Ni vizuri. Waache wakomae. Wakianza tena kwa wakati wao nitawaongezea dagaa na chokaa.

Lakini Mama hanisikii. Nikikaa naye anakula vijiko viwili, nikigeuka anaficha kwenye kanga. Ananiambia mimi ni mkali. Ni kweli, nimekuwa mkali, ningefanyaje?

Kwa hiyo usiniandikie tena mambo ya kuku. Mwandikie yeye. Mwambie kwa mkono wako kwamba Pasaka unakuja kumwona yeye, na kama hakuna hata yai moja hukasiriki. Nami nitamsomea. Na uje kweli, usije ukanifanya mwongo.

Wasalimie wifi Bernadeta na wanao. Luhende anakusalimu, anasema hana kinyongo. Mama anasalimu mara tatu, ameketi hapa ananiuliza naandika nini kirefu hivi.

Mungu akulinde njiani na akufikishe.

Dada yako anayekusubiri,
Eustadia