Mafuta ya Kondoo Kwenye Koki

Mchumba wangu Neema,

Hujambo huko Dodoma? Bibi yako mzima, ila anaona wivu nikikuandikia. Umeuliza kama na mimi nimewahi kumwonea mwenzangu wivu kazini. Mno! Kule kwenye loji ya Ngorongoro, Paulo alipewa mti mrefu wenye bomba la maji na brashi nchani, wa kuoshea vioo vya juu. Mimi, fundi kuliko wote, nikaachiwa ngazi na tambara. Koki ya ule mti ikaanza kuvuja. Nikamwambia, "Pisha fundi!" Nikaipaka mafuta ya kondoo.

Asubuhi baridi ikayagandisha, koki ikagoma. Bosi akafoka, "Nani kaharibu?"

Paulo akajibu, "Ni baridi, bosi." Akaifungua, akaiosha kwa maji moto, akatoa mchanga uliokuwa ukiivujisha kwenye mpira wake wa ndani. "Shika hapa, fundi, uone."

Kutengeneza koki nikakujua, lakini wivu ukazidi: kumbe hata kwa moyo alinishinda!

Babu yako, fundi