Hakuwa na Pa Kushika

Jumatatu, 4 Machi

Niwie radhi, daftari langu. Miezi mitatu sijakufungua. Mapunye yamezivamia shule mbili za jirani, na tangu asubuhi hadi jioni nanyoa vichwa, napaka dawa, nagombeza wazazi.

Leo mwanangu amemleta mkewe tena. Mara ya tatu! Kipara kilekile, juu ya sikio la kushoto, upana wa kiganja cha mtoto. Mara mbili niliandika mapunye, nikamnyoa kichwa chote, na mara zote mbili alipona vizuri. Nikachukua wembe. Mwanangu akanizuia: basi kunyoa, mama, watu wananicheka kwamba nimeoa kuruta. Mkewe akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anataka anyolewe. Mume akamtazama. Mkewe akajifunika kitambaa chake.

Nikawakemea wote wawili: anayetibu hapa ni mimi. Lakini wembe nikauweka chini.

Jumatano, 6 Machi

Sharti la kliniki yangu ni moja: hakuna dawa kabla ya hadubini. Magamba hukwanguliwa, ukungu hutafutwa, ndipo huandikwa. Nimewahi kumfukuza msaidizi kwa kulikiuka. Lakini mkamwana wangu sikumkwangua hata siku moja. Wa nyumbani! Nilitazama kwa macho tu, nikaandika.

Leo amekuja peke yake. Nimemkwangua. Hakuna ukungu. Hakuna hata gamba. Ngozi imevimba, inabonyea kama nyanya iliyopondeka, na chini yake damu. Unywele unaoanguka wenyewe huwa na mzizi mkavu, mdogo kama kichwa cha pini. Hizi zina mizizi mibichi. Zimeng'olewa.

Nikamuuliza ni nani. Akacheka kidogo.

"Mama, ulidhani dawa yako ndiyo iliyoniponya? Uliponinyoa, hakuwa na pa kushika."

Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu alikuja saa nne asubuhi kumchukua mkewe, aliyelala kwangu jana, chumba cha kungojea kimejaa akina mama na watoto. Nilimwambia kwamba mkewe anabaki kwangu. Alimshika nywele, akazizungusha vidoleni mara mbili — kwa ustadi, kama mtu afungaye kamba — akamburuta hadi kizingitini. Kichwa kikagonga mlango. Sauti ile! Watoto wakapiga mayowe. Yeye akawa anasema kwa utulivu: twende nyumbani, unamchosha mama.

Nikanyakua taa ya kukuzia, yenye kitako cha chuma, nikampiga kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Nikampiga tena, naye alikuwa amekwisha kumwachia. Hilo la pili nalikiri hapa tu. Mwanangu wa kumzaa!

Kishungi kilibaki sakafuni, pamoja na ngozi yake. Mama mmoja alikiokota kwa leso, akanikabidhi.

"Bibi, kiweke hiki. Haya si mapunye."

Jumamosi, 9 Machi

Askari wa kike ameleta fomu ya polisi ya majeruhi. Inataka saini ya aliyemtibu. Nikamwonyesha kishungi, akaomba kadi za zamani. Mwandiko wangu, safi, hauna hata mkwaruzo: mapunye, mapunye. Akasema wakili wa mwanangu atazisoma mahakamani huku anatabasamu. Sina budi kuandika kwamba nilikosea, na aliyemjeruhi ni nani.

Kisha akaja kaka yangu. Dada, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mkono umekwisha kumvunja, wataka nini tena? Na nani atakuletea kichwa chake akisikia ulikosea mara mbili? Nikamwonyesha mlango.

Sasa ni saa kumi alasiri. Mwanangu yuko nje. Mama, fungua, nimekuja kuomba msamaha. Teke. Msamaha tu, mama. Teke! Bawaba ya juu imetema skrubu moja. Nimempigia simu yule askari; amesema yuko njiani.

Mkewe ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, wembe wangu mkononi. Hajaugusisha kichwani. Anautazama mlango.

Fomu iko mbele yangu. Kosa langu nimekwisha kuliandika. Lilichukua mistari mitatu. Imebaki nafasi ya jina la mkosaji. Nililichagua mwenyewe jina hilo, siku alipozaliwa. Kalamu inavuja wino papo hapo.

Skrubu ya pili. Nikishaamua, nitakuandikia —