Kabini ya Marehemu Valerian

Chanji, Sumbawanga
3 Mei 1992

Dada Redempta,

Shikamoo. Nakuandikia nikiamini kikohozi cha masika kimekuachia na watoto wanakwenda shule bila kusukumwa. Huku kwetu ni furaha tupu. Kabula amejifungua salama, mtoto wa kike, na tumempa jina la marehemu mama, Bertilla. Mama yake Kabula amepanda kutoka bondeni kuja kumsaidia mzazi, kwa hiyo mimi sasa ni mgeni nyumbani kwangu mwenyewe. Unawajua Wasukuma kwa heshima ya ukwe. Nikikohoa mlangoni, mama mkwe huyo, mama Kija, anatoroka kwa mlango wa jikoni. Tangu nimwoe binti yake hajalitamka jina langu hata mara moja, wala hajanitazama usoni. Akiwa na shida anamwambia Kabula, "Mwambie Baba Bertilla kuni zimekwisha," na mimi nimekaa palepale nasikia.

Sasa dada, lililonifanya nishike kalamu. Nimepata chesisi ya Landrova. Injini inaguruma vizuri, magurudumu yapo, lakini juu haina kitu, imebaki mifupa. Nikakumbuka kabini ya shemeji Valerian, ile ya lori la Bedford, ya kijani, inayotagiwa mayai hapo uani kwako. Nataka kuipandisha juu ya hii chesisi, nyuma niweke kichanja cha mbao, nipate pikapu. Siku hizi ushirika si mnunuzi peke yake. Mwenye gari anashuka bondeni kuchukua mpunga, anakwenda Laela kuchukua mahindi, na hakuna anayemuuliza kibali cha nani. Mimi nimechoka kulala chini ya magari ya wenzangu.

Naomba unipe. Najua ni kumbukumbu ya mumeo, ndiyo maana naomba kwa magoti.

Mdogo wako,
Isdori

*

Mwimbi
17 Mei 1992

Mdogo wangu Isdori,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, kimewaachia magoti zamu. Nimelia kidogo kwa jina la mama, halafu nikacheka, maana kama mtoto amechukua na sauti yake, mtakoma. Msalimie sana Kabula, na mama mkwe mpe salamu zangu kwa njia hizohizo mnazotumia.

Kabini chukua. Kuku nimekwisha kuwahamisha, wamenuna. Marehemu angefurahi kuiona inatembea tena. Lakini Isdori, tangu nisome barua yako sijatulia, na mimi si mtu wa kuficha. Ninaogopa. Unakumbuka gari lake lilivyokatika katikati kwa kutu. Bahati lilikuwa limesimama sokoni, watu wakacheka, naye akacheka, lakini usiku ule hakula. Aliniambia kabini haikai juu ya chesisi kwa uzito wake, inakaa kwa bolti nne, mbili mbele na mbili nyuma, na kila alfajiri kabla ya safari alijilaza chini akazishika moja moja kwa mkono. Mimi nilikuwa namshikia taa. Weldingi hakuiamini kabisa. Alisema bolti ikilegea inapiga kelele, weldingi inakufa kimyakimya.

Kwa hiyo nakupa kwa masharti mawili. Uifunge kwa bolti. Na usipakie mtu hata mmoja mpaka umeshuka bondeni na kupanda na magunia matupu. Halafu nijibu swali langu: hiyo Landrova ilipoteza wapi kichwa chake?

Dada yako,
Redempta

*

Chanji
14 Juni 1992

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole na magoti. Sisi tuko salama, baridi tu ndiyo inatukata masikio. Mtoto amechukua sauti ya mama, ulijua.

Kabini imefika. Felisiani, yule anayenunua mahindi, aliileta juu ya lori lake bila kuikwaruza, na ndani nimekuta yai moja zima, Kabula amelikaanga. Kazi imeanza na imeniumiza kichwa, maana hivi vitu viwili havikuzaliwa pamoja. Chesisi ya Landrova ni nyembamba, kabini ya Bedford ni pana. Nilipoishusha kwa mnyororo, matundu yake ya bolti yalining'inia hewani pande zote. Imebidi nikate vyuma na kutengeneza mikono minne inayotoka ubavuni mwa chesisi kwenda kuyapokea yale matundu. Chini ya kabini nimeweka vipande vya tairi ili isigongane na chuma. Stelingi nayo haikutaka kukutana na mahali pake, nimeikunja na sasa imekubali. Ukiiona ilivyokaa utadhani ilitoka kiwandani hivyo. Vijana wa hapa Chanji wanapita wanasema, "Fundi, hii ni poa."

Bolti nimeagiza Mbeya, hapa mjini ndefu za namna hiyo hakuna. Usihangaike, dada. Hofu yako ni ya mapenzi, naijua.

Mdogo wako,
Isdori

*

Mwimbi
28 Juni 1992

Isdori,

Natumaini mko wazima wote. Mimi mwili ni mzima.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu kila kitu isipokuwa hilo. Kwa kuwa hukunijibu, nimemuuliza Felisiani alipopita kununua mahindi, na yeye hajui kudanganya. Ameniambia ni ile Landrova iliyopinduka kwenye mteremko wa kwenda bondeni mwaka juzi. Ile iliyochukua watu. Na wewe hukutaka nijue.

Sisemi chuma kina laana, mimi ni mtu wa kanisani. Lakini chuma kilichoanguka kutoka juu vile kimejikunja mahali, na wewe ni fundi, unajua. Umeipima chesisi kwa kamba pembe kwa pembe? Umeikwangua rangi ukaangalia nyufa? Ninaota naiona ile kabini ya kijani inashuka peke yake, na ndani hakuna mtu. Nimeota mara mbili. Naamka nimeshika shuka kama vile nimeshika usukani.

Sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Nakuomba tu usubiri bolti. Nitakesha mpaka uniandikie kwamba zimefika.

Dada yako,
Redempta

*

Chanji
16 Julai 1992

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Naandika haraka, Felisiani yuko nje anapiga honi, anakuja huko.

Nisamehe kwa kukuficha. Niliogopa utakataa. Chesisi nimeipima kwa kamba, iko sawa, nyufa sikuona.

Mzee Masunga, baba mkwe, ameleta habari kwamba hajisikii vizuri na anataka mke wake arudi. Mama Kija hawezi kuutembea mteremko wote ule, na malori yanayoshuka wiki hii hayapo. Kwa hiyo Ijumaa namshusha mimi. Kabula naye atakwenda na mtoto, babu akamwone. Bolti za mbele zimefika na nimezifunga. Za nyuma bado, hivyo mikono ya nyuma nimeichomelea moja kwa moja kwenye kabini kwa muda. Umeme ulikuwa hafifu siku ile, taa zilikuwa nyekundu kama makaa, lakini mstari wa weldingi umekaa vizuri, nimeupaka na rangi.

Jambo la kuchekesha: kabini ina kiti kimoja tu kirefu, na mama mkwe hawezi kukaa kiti kimoja na mimi hata kwa dawa. Kabula amembembeleza, amegoma. Atakaa nyuma juu ya magunia, na blanketi lake na fimbo yake. Bibi mzima anasafiri kama gunia la chumvi kwa ajili ya heshima yangu.

Nikirudi nitakuandikia siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Isdori

*

Mwimbi
9 Agosti 1992

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sijui kama nikuulize hali au nianze kulia.

Ulisema siku hiyohiyo. Nimehesabu Ijumaa zilizopita nikaacha kuhesabu. Kila basi linalotoka mjini nalingoja barabarani, dereva akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Jana mwanamke mmoja aliyetoka kwa ndugu zake bondeni alisema waliliona gari kwenye mteremko, upande wa korongo. Kabini ya kijani ya zamani. Mlango uko wazi, ndani hakuna mtu, na kanga imeangukia chini ya tairi. Nilimuuliza kanga ya rangi gani. Hakumbuki. Nilimuuliza kama kulikuwa na damu. Amesema hawakusimama kuangalia, dereva wao aliogopa mahali pale.

Isdori, niliota hivyo. Nilikuandikia kwamba niliota hivyo.

Kama ni wewe unaisoma, andika neno moja tu. Kama ni Kabula, andika wewe. Kama ni mtu mwingine ameifungua, kwa jina la Mungu niambie mmewaweka wapi.

Dada yako,
Redempta

*

Mwimbi
23 Agosti 1992

Isdori,

Nimeuza mbuzi wangu. Nikipata nafasi kwa Felisiani nakuja mwenyewe. Kama upo na umenyamaza tu, nitakupiga mbele ya mke wako.

Redempta

*

Chanji
6 Septemba 1992

Dada yangu,

Shikamoo. Tuko hai, wote wanne. Naanza na hilo ili uweze kukaa chini usome yaliyobaki. Usije kwanza, Felisiani anakuletea hii kwa mkono.

Sikukuandikia kwa sababu nilishindwa. Sitanii. Nilikaa na kalamu mara nyingi, na nilipofika kwenye neno "mteremko" nikaichana karatasi. Kwenye gereji nimeshindwa kushika hata spana. Barua zako zote mbili nilizipata, nikazificha chini ya godoro kama mtoto aliyefeli. Nipige, ni haki yako.

Tulishuka vizuri mpaka zile kona za kwanza. Kabula kando yangu na mtoto kifuani, mimi naimba. Kisha usukani ukawa mzito kila nilipokanyaga breki. Nikajiambia ni mteremko. Nikasikia kugonga juu ya kabini. Kabula akasema, "Mama anagonga." Nikasema, "Ni debe limeanguka." Maana mama mkwe kugonga juu ya kichwa cha mkwewe ni kitu ambacho akili yangu haikukipokea. Ikagonga tena, nguvu zaidi. Ndiyo, hapo nilijua ni fimbo yake. Na dada, nitakuambia ukweli wote: niliona aibu kusimama. Niliwaza labda anahitaji kujisitiri, na mimi ndiye nitakayeshuka nimtazame uso kwa uso njiani. Nikasema nitasimama mbele, pale pa tambarare. Pa tambarare palikuwa chini ya kona nne.

Ndipo akaita. "Isdori." Sauti ya mwanamke ambayo sikuwahi kuisikia ikitaja jina langu. "Isdori, simama. Isdori, gari linakatika."

Mguu ulikanyaga wenyewe. Gari lilisimama na kabini ikaendelea, dada. Ililala mbele, mimi na Kabula tukaangukia kioo, mtoto katikati yetu. Kabula alitoka kwanza, akasukuma jiwe chini ya tairi, kanga yake ikabaki palepale. Mimi nilitoka nikaenda nyuma kuangalia. Ile mikono miwili niliyoichomelea kwa umeme hafifu ilikuwa imeachia yote, safi, rangi yangu bado inang'aa juu yake. Weldingi haikuingia ndani ya chuma hata kidogo, ilikaa juu tu kama ugali ulioganda. Kila nilipofunga breki kabini ilinyanyuka nyuma. Sisi ndani hatukuweza kuona. Yeye peke yake, kwa kuwa alikataa kukaa na mimi, alikuwa anaiona ile nafasi inafunguka na kujifunga mbele ya magoti yake, na barabara ikipita chini yake. Kona iliyofuata ndiyo ile. Ndiyo ileile, dada. Chini bado kuna vipande vya bodi ya Landrova.

Mama Kija alikuwa amesimama amenipa mgongo, amejifunika uso kwa blanketi, analia. Nilidhani ni kwa hofu. Kabula akaniambia si hofu, ni aibu, ametamka jina la mkwewe. Tulishuka kwa miguu mpaka chini, yeye mbele, sisi nyuma, hakugeuka hata mara moja. Mzee Masunga tulimkuta anaendelea vizuri.

Wazee wa kwao walikaa wakasema lazima mama Kija atoe mbuzi ili jina lirudi mahali pake. Nilipinga. Niliwaambia anayestahili kutoa mbuzi ni mimi, na hata ng'ombe, na kwamba mimi sitaki jina lirudi popote. Wakaniambia hilo si langu kuamua, bila mbuzi yeye hatakuja tena kumbeba mjukuu. Mbuzi alichinjwa, tukala, sasa yeye ni kama zamani. Juzi alikuja akamwambia Kabula, "Mwambie Baba Bertilla chumvi imekwisha."

Kabini nimeivuta mpaka mjini kwa lori. Felisiani anakurudishia. Wape kuku.

Ombi moja tu. Ukija Chanji, usiniite kwa mbali toka barabarani kama ulivyozoea. Nisogelee kwanza, uniguse bega. Mtu akiniita jina langu kwa sauti, popote nilipo, hata kanisani nimepiga magoti, mguu wa kulia unatafuta breki, na inachukua muda kabla sijajua kama nimewahi.

Mdogo wako,
Isdori