Makofi Niliyoyahesabu Kuwa Sheria

Lubumbashi

Baba Bijou wangu,

Kifua kimepona? Na watoto, wanakula? Mvua za huko Kongolo zimewaachia njia? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka.

Unajua tasnifu yangu ni ya kuhesabu sheria: mabunge ya mikoa yanapitisha ngapi, na kwa muda gani. Gazeti rasmi la serikali lina mapengo, miaka mingine halikuchapwa. Basi nikachagua daftari la vikao la bunge la mkoa mmoja, jina nalimeza. Lilikuwa kamili, mwandiko safi kama wa masista. Mwaka mzima nimechota takwimu humo, mjinga mimi!

Juma lililopita nilikwenda Naviundu kwa mzee aliyeliandika, sasa amestaafu. Nilitaka kujua tu kwa nini sheria moja ya masoko ilipitishwa mara mbili. Akanipa munkoyo ninywe, akasema bila wasiwasi:

"Maman, baheshimiwa bakipiga makofi, miye naandika *adopté*, imepita. Ni vile tulikutaka benye kututangulia banafanya."

"Hata kama bado kura?"

"Kura inakuya nyuma. Siku ingine haikuye hata."

Makofi, Baba Bijou! Makofi ya kukubali muswada ujadiliwe tu. Miswada iliyorudi kupigiwa kura nimeihesabu mara mbili, na iliyofia kwenye kamati mimi nimeiita sheria. Nilirudi kwa miguu, nikilia njiani bila aibu.

Profesa wangu akasema, "Madame, *défense* ya tasnifu yako iko karibu. Nani atakwenda kule kuangalia?" Sikufichi, siku mbili nilikuwa upande wake, maana nilitaka Pasaka inikute nyumbani. Siku ya tatu nikamwambia hapana. Naanza upya na matini zilizotiwa sahihi na gavana, moja moja, nikizilinganisha na ripoti za kamati. Kwa hiyo sitafika kabla ya kiangazi. Kasirika, una haki. Ukweli nimeuchagua mimi, mzigo unaubeba wewe.

Nisalimie mama mkwe anayewapikia, asichoke nami. Nisalimie na kaka yangu, fundi wa baiskeli.

Na binti yetu Bijou, ambaye unasema anachora mstari ukutani kila Jumapili akiingoja Pasaka, usimwambie masomo ni magumu. Mwambie mama ndiye aliyekosea kuhesabu. Mistari yake yeye yote ni sawa.

Mkeo anayekukosa,
Mama Bijou